Mtoto wa Likasi Aliyeandika Machozi ya Kolwezi
Maisha na kazi ya mshairi V. Y. Mudimbe (1941–2025)



Kuna neno moja tunalisikia sana katika nyumba zetu. Kijana anakaa kwenye kivuli na kitabu chake. Mtu mkubwa anapita, anasimama, anamwambia: "Weye mutoto, unasomaka nini kila siku? Bitabu haileteke bukari!"

Neno hili halitoki katika ubaya. Linatoka katika njaa. Mzazi anaona rafiki za mtoto wake wanarudi toka kariera na feza kidogo mkononi, na mtoto wake anarudi na daftari tu. Ni nani atakayemlaumu mzazi huyo? Minervali inadaiwa, unga umepanda bei, na ba-creuseur wanapita mbele ya mlango kila asubuhi.

Leo hatutaki kubishana na mzazi huyo. Tunataka kumweleza maisha ya mtu mmoja wa kwetu, mtoto aliyezaliwa katika mji wa shaba kama watoto wetu, na aliyeshika maneno kama wengine walivyoshika nyundo. Jina lake ni Mudimbe. Alikuwa mtunga mashairi, kiisha mwandishi wa hadisi, kiisha mwalimu mkubwa anayesomwa katika dunia nzima. Alikufa kule Marekani katika mwezi wa 4 mwaka 2025, akiwa na miaka 83. Vijana wengi wa kwetu hawamjui, hata jina. Na kitabu chake kimoja kinaeleza Kolwezi yetu, katika siku zile mbaya za mwaka 1978.

MTOTO WA MJI WA KAZI

Valentin-Yves Mudimbe alizaliwa tarehe 8 mwezi wa 12 mwaka 1941 kule Likasi. Wakati ule Wabelgiji waliita mji huo Jadotville. Vita ya pili ya dunia ilikuwa inawaka Ulaya, na shaba ya Katanga ilihitajiwa sana. Union Minière ilikuwa imekusanya watu toka Kasai, toka vijiji vya Katanga, toka Rwanda na Rhodesia, na kuwaweka katika makambi ya kazi, nyumba sawa sawa, mistari sawa sawa. Posho ilipimwa, saa ilipimwa. Sirene ikilia, kila mtu alijua anapashwa kuwa wapi.

Mwezi ule ule aliozaliwa, wafanyakazi weusi wa Union Minière waligoma. Waliomba mshahara uongezwe, sababu vitu vilikuwa vimepanda bei juu ya vita. Mgomo uligusa Jadotville na Elisabethville, mji tunaoita leo Lubumbashi. Tarehe 9 mwezi wa 12, siku moja kisha Mudimbe kuzaliwa, askari walipiga bunduki kati ya wagomaji kule Elisabethville. Watu wengi walikufa. Basi mtoto huyu alifika duniani katika juma ambalo wababa wa kazi walikuwa wanalia ndugu zao.

Wazee wetu wanajua namna mtoto alivyokomaa katika makambi yale. Nyumbani alisikia luga ya wazazi wake. Katika njia, na watoto wa majirani, alisema Kiswahili, kile Kiswahili chetu cha kazi kilichounganisha watu wa makabila mengi. Kwenye masomo alikuta Kifransa, na kanisani alisikia Kilatini. Kabla mtoto hajafikisha miaka kumi, masikio yake yalikuwa yamekwisha kujua kwamba kitu kimoja kina majina mengi, na kwamba kila jina linafungua mlango wake.

SEMINARI NA MONASTERI

Akiwa bado mtoto, Mudimbe aliingizwa seminari. Katika Congo ya Wabelgiji hiyo ilikuwa njia moja ndogo iliyobaki wazi kwa mtoto mweusi mwenye akili. Iniversite ya kwanza katika inchi yetu, Lovanium, ilifunguliwa mwaka 1954 tu. Mbele ya hapo, mtoto aliyetaka kusoma mbali alielekea kwa mapadri.

Kiisha akavuka mpaka. Alikwenda Rwanda, karibu na Butare, katika monasteri ya Wabenedikto ya Gihindamuyaga. Alikuwa kijana wa miaka kumi na nane hivi. Maisha ya Wabenedikto yanajulikana: kusali, kusoma, kufanya kazi, na kunyamaza. Saa zote zimepangwa. Kwa mtoto aliyetoka katika kambi ya kazi, ambako siku ilipangwa na sirene, sasa siku ilipangwa na kengele.

Lakini inje ya ukuta wa monasteri mambo hayakunyamaza. Katika mwezi wa 11 mwaka 1959 nyumba za Watutsi zilianza kuchomwa moto katika Rwanda, watu wakauawa, wengine wakakimbia. Katika Congo, uhuru ulikuja tarehe 30 mwezi wa 6 mwaka 1960, na siku kumi na moja baadaye Katanga ikajitangaza kuwa inchi yake peke yake. Kijana Mudimbe alikuwa na miaka isiyofika ishirini, na dunia yote aliyoijua ilikuwa inapasuka.

Akaacha monasteri. Hakufika kuwa padri. Tunajua kwamba neno hili linaumiza wazazi fulani, na hatutalificha. Yeye mwenyewe, akiwa mtu mkubwa, alisema wazi kwamba hakukuwa tena mtu wa imani kama zamani. Walakini mwaka 1994, alipoandika kitabu juu ya maisha yake, alikiita "Les corps glorieux des mots et des êtres", yaani miili ya utukufu ya maneno na ya viumbe, na chini ya jina hilo aliandika kwamba ni picha ya bustani ya kiafrika kwa namna ya Wabenedikto. Miaka zaidi ya thelasini ilikuwa imepita, na bado alijipima kwa kanuni ile ya ujana wake. Wale waliomfundisha kuamka mapema, kukaa kimya na kusoma mpaka mwisho wa ukurasa hawakupoteza kazi yao yote.

MASHAIRI YA MAPASUKO

Toka monasteri alikwenda Lovanium, kule Kinshasa, akamaliza masomo ya luga za Kirumi, ndiyo Kifransa na ndugu zake, mwaka 1966. Kiisha Ulaya. Mwaka 1970 iniversite ya Louvain katika Ubelgiji ilimpa diplome ya daktari wa luga. Alikuwa na miaka 28.

Angeweza kubaki Ulaya, wengi walibaki. Yeye alirudi Congo, na mwaka 1971 kitabu chake cha kwanza cha mashairi kikatoka Kinshasa. Jina lake "Déchirures". Kwa Kiswahili tungesema Mapasuko, kama vile nguo inapopasuka, au moyo.

Tukumbuke mwaka ule. Mwaka 1969, tarehe 4 mwezi wa 6, wanafunzi wa Kinshasa walitembea katika njia kuomba haki yao, na askari waliwapiga bunduki. Mwaka 1971 wanafunzi wa Lovanium walitaka kukumbuka wafu wao. Mobutu akawatuma wote jeshini, na iniversite zote za inchi zikafungwa pamoja kuwa moja tu, chini ya serkali. Mshairi aliyechagua jina Mapasuko katika mwaka kama huo hakuhitaji kueleza sana.

Kikafuata kitabu cha pili cha mashairi, "Entretailles", mwaka 1973, na cha tatu, "Les Fuseaux, parfois...", mwaka 1974. Tuseme kweli: mashairi haya si marahisi. Hayaimbiki kama wimbo wa kanisa. Hata mwalimu wa Kifransa anarudia ukurasa mara mbili, mara tatu. Kijana mmoja anaweza kuuliza: "Sasa, njo faida gani, kama watu hawaelewe?"

Ulizo ni zuri. Tujaribu kujibu kwa mfano wa kwetu. Mtu wa kazi anajua kwamba jiwe la shaba halionyeshi shaba yake kwa mtu anayepita tu. Linapashwa kuvunjwa, kusagwa, kuoshwa, kupitishwa katika moto. Mashairi ya namna hii ni jiwe. Mudimbe aliona kwamba maneno mengi ya wakati wake yalikuwa maneno yaliyotumika mpaka yakaisha nguvu: uhuru, maendeleo, umoja, mapinduzi. Watu waliyapigia makofi katika mikutano na hakuna aliyeuliza yana nini ndani. Mshairi alitaka kuyavunja na kutazama. Kazi hiyo aliifanya maisha yake yote, hata alipoacha mashairi na kuandika vitabu vya namna ingine.

PADRI KATI YA MAJI

Mwaka 1973 kilitoka kitabu chake cha hadisi, "Entre les eaux", maana yake Kati ya Maji. Kinaeleza juu ya padri mmoja mweusi, jina lake Pierre Landu. Padri huyu amesoma sana, amefika mpaka Roma. Anaona Kanisa lake limekaa karibu mno na wenye nguvu, na watu maskini wanateswa. Basi anaacha misioni, anaingia porini pamoja na waasi, akifikiri kwamba huko ndiko atamkuta Kristo wa maskini.

Porini anakuta mambo mengine. Waasi hawamwamini, sababu kwao yeye ni mtu wa Wazungu. Vita inamwomba afanye mambo ambayo mikono ya padri haikuzoea. Hawezi kurudi nyuma, hawezi kwenda mbele. Yuko kati ya maji.

Wapenzi, hadisi hii iliandikwa miaka mingi mbele ya watoto wengi wanaosoma ukurasa huu kuzaliwa, lakini mtu gani wa kwetu hakujiona ndani yake? Tumekaa kati ya kijiji na kazi, kati ya desturi ya wazee na masomo ya Wazungu, kati ya Mungu na tumbo. Mudimbe hakumhukumu Pierre Landu, na hakumtakasa pia. Alimwacha aseme. Mwaka 1975 kitabu hicho kilipata tuzo kubwa ya fasihi ya Kikatoliki kule Paris. Kitabu cha mtu aliyeacha monasteri, chenye kusema maneno makali juu ya Kanisa, na Wakatoliki wenyewe wakasema: huyu amesema jambo la kweli, tumsikilize.

JINA, NA KITI ALICHOKATAA

Mwaka 1972 Mobutu aliamuru kila mtu aache jina la ubatizo na kuchukua jina la wakubwa wake. Wazee wanakumbuka. Jean alikuwa tena mtu wa jina lingine kwenye karte yake, na padri aliyebatiza mtoto kwa jina la Kizungu aliweza kupata azabu. Valentin-Yves akawa Vumbi Yoka. Tazama vizuri: herufi mbili za kwanza zilibaki palepale, V na Y. Katika vitabu vyake, karibu vyote, utakuta tu "V. Y. Mudimbe". Serkali inaweza kusoma jina jipya, mama anaweza kusoma jina la zamani.

Katika miaka ile alikuwa mwalimu Lubumbashi, maana fakilte ya luga na fasihi ilikuwa imehamishwa toka Kinshasa kuja kwetu. Alikuwa hata mkubwa wa fakilte hiyo. Wanafunzi wake wengi ndio waliofundisha watu waliofundisha watoto wetu leo.

Mwaka 1980 Mobutu aliunda Komite Santrali ya MPR, chama cha serkali, na jina la Mudimbe likawekwa kati ya watu wa Komite hiyo. Tuwaze kidogo. Nyumba, motokari, mshahara, heshima, jamaa yote kutoka shida. Ni watu wangapi wangekataa? Na kukataa hakukuwa kusema "aksanti, hapana" na kurudi kwa kazi yako. Mtu aliyemkataa Mobutu alipashwa kujua atalala wapi usiku ule.

Mudimbe aliondoka, akaenda Marekani. Alifundisha kwanza katika masomo ya juu ya Haverford, kiisha katika iniversite za Duke na Stanford. Mtoto wa Likasi alilipa neno lake "hapana" kwa bei ya kuishi miaka karibu makumi mane na mitano mbali na udongo wake. Hatusemi wote waliobaki walikuwa wabaya. Wengi walibaki na kufanya kazi nzuri katika taabu. Tunasema tu kwamba yeye alijua sauti yake inatakiwa kwa kazi gani, na akakataa kuiuza.

HARUFU YA BABA

Mwaka 1982 alichapa kitabu, "L'Odeur du père", yaani Harufu ya Baba. Mfano wake ni huu. Baba mkali ametoka nyumbani. Watoto wanafurahi, wanasema: sasa tuko huru. Lakini koti la baba limebaki ukutani, na harufu yake imejaa chumba. Watoto wanasema kama yeye, wanapiga wadogo wao kama yeye, na hawajui. Ndivyo Afrika na mkoloni, anasema Mudimbe. Tulifikiri amekwenda, na tunaendelea kujitazama kwa macho yake.

Neno hili alilieleza kwa urefu katika kitabu chake kinachojulikana kushinda vyote, "The Invention of Africa", cha mwaka 1988. Mwaka uliofuata kilipata tuzo ya Herskovits kule Marekani, tuzo ya kitabu bora juu ya Afrika. Aliuliza ulizo rahisi: yale tunayoyajua juu ya Afrika, ni nani aliyeyaandika? Akajibu: watembezi, wakoloni, wamisionari, wataalamu wa Ulaya. Vitabu vyao vyote pamoja aliviita bibliotèke ya kikoloni. Na Mwafrika akitaka kujieleza, mara nyingi anakwenda kuazima maneno katika bibliotèke ile ile.

Katika kitabu hicho anamtazama pia mtu ambaye Kolwezi inamjua vizuri: Padri Placide Tempels, Mfransisko. Kitabu cha Tempels juu ya filosofia ya Wabantu kilitoka Elisabethville mwaka 1945. Kiisha, katika miaka ya 1950, alikuwa padri kule Ruwe, mlangoni mwa Kolwezi, na huko ilizaliwa Jamaa, kati ya wafanyakazi na wake zao. Baba na mama wengi wanaosoma ukurasa huu walilelewa katika Jamaa. Mudimbe alimheshimu Tempels, sababu alisema kwa sauti kwamba mtu mweusi ana mawazo yake na hekima yake. Lakini aliuliza pia: mbona tena ni Mzungu anayetueleza sisi ni nani? Heshima na ulizo vinaweza kukaa katika mdomo mmoja. Vijana wetu wajifunze hilo.

SIKU ZILE ZA KOLWEZI

Tumefika kwetu. Mwaka 1989 Mudimbe alichapa kitabu "Shaba deux". Shaba ndilo jina la Katanga wakati ule, na "Shaba deux" ni vita ile ya pili. Kitabu kimeandikwa kama daftari la sista mmoja mweusi, Mama Marie-Gertrude, wa shirika la Wafransisko, katika mji wa Kolwezi.

Wazazi hawahitaji kuelezwa. Vijana wanahitaji. Tarehe 13 mwezi wa 5 mwaka 1978, waasi wa FNLC, wale tuliowaita "Bakatangese", waliotoka Angola, waliingia Kolwezi. Kwa juma moja mji ulikuwa katika mikono ya bunduki. Tarehe 19 askari wa Ufaransa walishuka toka mbinguni na parashuti, na kesho yake wa Ubelgiji wakafika. Watu mamia walikufa, weusi na weupe. Wazungu waliobaki walipandishwa ndege. Sisi tulibaki, kuzika na kufagia.

Magazeti ya Ulaya yaliandika sana juu ya Kolwezi mwaka ule. Yaliandika juu ya Wazungu waliouawa, na ilikuwa haki kuwalilia. Yaliandika juu ya askari wenye ushujaa. Filme zilitengenezwa. Lakini mama wa Manika aliyeficha watoto chini ya kitanda siku saba, nani alimwandika? Kijana aliyeuawa na upande huu kwa kusema ni wa upande ule, nani aliweka jina lake katika kitabu?

Mudimbe, kule mbali, aliona pengo hilo. Akachagua daftari la sista. Sista huyo anaandika maneno ya kila siku: sala, mafuta ya kupika, wagonjwa, mabishano madogo ya konventi, hofu. Vita inaingia kidogo kidogo katika kurasa zake, kama moshi unavyoingia chini ya mlango. Si mtu wa siasa. Ni mwanamke anayetaka kutunza watu na kubaki mwaminifu. Na ni mweusi katika nyumba iliyozoea kuongozwa na weupe. Hatutasema mwisho wake. Atakayekipata asome mwenyewe, na asisome usiku akiwa peke yake.

Sista Marie-Gertrude ni mtu wa hadisi. Lakini masista waliobaki na wagonjwa wao katika vita zetu si hadisi. Parokia zetu zinawakumbuka.

ULIZO GUMU

Sasa tuulize lile ambalo wasomaji wetu wamekwisha kuliwaza. Mudimbe aliandika kwa Kifransa, kiisha kwa Kiingereza. Mama wa Musonoie anayesoma Biblia yake kwa Kiswahili peke, atasomaje kitabu kinacholia machozi yake?

Hapa mshairi wetu mkubwa ana deni kwetu, na sisi tuna deni kwake. Alieleza kushinda wote namna tunavyoazima maneno ya wengine, na yeye mwenyewe aliazima. Alijua hilo, na alisema. Lakini kujua shida si kuimaliza. Kazi iliyobaki ni ya wale wanaokaa hapa, wanaoota ndoto kwa Kiswahili.

Na isisemwe kwamba haiwezekani. Mwaka 1965, kule Elisabethville, watu waliofanya kazi ya boyi katika nyumba za Wazungu walikuwa na chama chao. Chama hicho kiliandika historia ya mji kwa Kiswahili chetu cha Katanga, si kile cha Zanzibar wala cha masomo. Jina la André Yav liko juu ya kitabu hicho. Hakuwa na diplome ya Louvain. Wapishi na wafagiaji walikaa chini, wakakumbuka, wakaandika. Mwaka 1990 mtaalamu mmoja wa Ulaya alikichapa tena na kukieleza, na leo iniversite za dunia zinakisoma.

Kwa hiyo tunaomba jambo moja kwa kila jamaa. Chukueni daftari, lile la bei ndogo. Kijana mwenye mwandiko mzuri akae na babu au bibi siku ya mungu kisha misa. Amwulize na aandike kwa maneno yale yale ya mzee: Mulifika Kolwezi mwaka gani, toka wapi? Kambi gani? Mwaka 1978 mulijificha wapi? Mwaka 1993, wakati jirani zetu walilala kwenye gare wakingoja train ya kwenda Kasai, mulifanya nini, na mulinyamaza juu ya nini? Mwaka 2003, wakati Gécamines ilipoaga watu zaidi ya 10,000 kwa jina la "départ volontaire", baba alirudi nyumbani na sura gani?

Majibu mengine yatauma. Mengine yataleta haya. Andikeni hata hayo. Wazee wanaondoka kila mwezi, na kila anayeondoka anakwenda na kurasa ambazo hakuna bibliotèke itakayotupa tena.

Bitabu haileteke bukari? Mzazi mpenzi, siku nyingi una haki. Kitabu cha Mudimbe hakitalipa minervali ya mwezi huu. Lakini wengine wamechukua shaba yetu, wamechukua kobalti yetu, na magari ya dunia yanatembea kwa jasho la Kasulo na Mutoshi. Kama tukiwaachia hata kazi ya kusema sisi ni nani, kitabakia nini mikononi mwa watoto wetu? Mtoto wa Likasi aliona hilo toka mbali. Sisi tunaokaa karibu, tusikose kuona.

MAULIZO YA KUZUNGUMZA NYUMBANI AU KATIKA CHAMA CHA VIJANA

1. Mudimbe alikataa kiti katika Komite Santrali, na kukataa kulimpeleka mbali na inchi yake. Je, wewe ungefanya nini? Na jamaa yako ingekuambia nini?

2. Katika nyumba yetu, "harufu ya baba" inasikika wapi? Katika namna ya kusema? Ya kuazibu watoto? Ya kumtazama mtu wa kabila lingine?

3. Mzee gani katika ujirani wetu anakumbuka mwaka 1978? Ni nani kati yetu atakwenda kwake na daftari, na siku gani?